Krismasi Ilivyovishwa Kanzu: Mapambo na Matembezi ya Dar es Salaam

Kuna mti mmoja jijini Dar es Salaam ambao haungoji kupambwa na mtu. Novemba ikielekea ukingoni, mti huo huanza kujivika maua mekundu kama makaa yaliyopulizwa, na Desemba ikiingia matawi yake huwa yameifunika barabara mithili ya mwavuli wa bibi arusi. Wataalamu wa mimea wanauita Delonix regia. Wenye mji huuita mkrismasi. Asili yake si hapa. Ni mgeni kutoka Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu walikiita Bukini. Basi tuna mti wa Bukini, wenye jina lenye asili ya Kiingereza, uliotiwa ngeli ya M-/MI- na kupangwa safu moja na mwembe, mnazi na mkorosho. Leo hakuna anayeuuliza umetoka wapi.

Nimeanza na mkrismasi kwa sababu jina hilo limebeba habari nzima ninayotaka kuisimulia. Kila mwaka ifikapo mwezi huu nasikia, hasa kwa wapenzi wenzangu wa lugha, kwamba mapambo ya Krismasi na pilikapilika zake ni uigaji mtupu wa mambo ya Wazungu, na kwamba malenga mwenye kujiheshimu hana cha kuokota humo. Hoja hiyo ni kweli nusu. Jina lilitoka ng'ambo, na imani yenyewe ilitoka ng'ambo, kama zilivyotoka ng'ambo dini zote mbili kubwa za pwani yetu. Lakini namna ya kuisherehekea, yaani kupamba, kuvaa, kutembea na kupeana, watu wa Dar es Salaam hawakufundishwa na yeyote. Walikuwa nayo. Waliitoa katika sanduku lile lile walimoweka nguo za Idi, za Maulidi na za arusi, wakaivisha sikukuu ngeni. Shahidi wangu mkuu ni lugha.

Tuanze na jina, na kwa kuwa jina lina umri mkubwa kuliko jiji, itatubidi tutoke kidogo Dar es Salaam. Wakristo wa kwanza kuadhimisha sikukuu hii kwa muda mrefu katika pwani ya Waswahili walikuwa Wareno. Walijenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, wakakaa hadi ilipotekwa na Waomani mwaka 1698. Katika muda huo Krismasi ilisherehekewa humo ndani ya kuta, na bila shaka kwa vinywaji na mizinga. Kiswahili kilichukua mengi kwao: meza, bendera, leso, mvinyo, karata. Wengi wa wanaisimu wanakubali hata kwamba gereza ni neno lao la kanisa, ambalo lilipofika kwetu likageuka kuwa jumba la kufungia watu. Lakini jina lao la Krismasi hatukulichukua. Sababu haihitaji darubini. Meza mtu huikalia, leso hujitanda, karata hucheza. Sikukuu ya watu waliojifungia ngomeni na bunduki zao humfikia jirani kama kelele tu. Neno haliingii katika lugha mpaka jambo lenyewe liingie nyumbani.

Krismasi ilianza kuingia nyumbani karne ya 19, na ikaingia kwa milango miwili. Mmoja ulikuwa Bagamoyo, ambako mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliotoka Ufaransa, walifungua misheni yao mwaka 1868. Huko ndiko mizizi ya Noeli, neno ambalo hadi leo utalisikia kwa Wakatoliki wa Tanzania, na ambalo ndilo linalotawala ukivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kongo. Ndugu zetu wa Rwanda na Burundi nao katika lugha zao husema Noheli. Mlango wa pili ulikuwa Unguja, kwa Waingereza wa misheni ya UMCA. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, mahali palepale palipokuwa soko. Ibada ya kwanza ndani yake ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877. Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, ambaye sisi wa fani ya lugha tunamjua kwa jambo jingine: kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha mwaka 1870 na mkusanyo wake wa hadithi za Unguja wa mwaka huo huo. Naona inafaa kukumbuka kwamba sikukuu tunayoihusisha na taa za madukani ilikuwa, katika uswahili wake wa awali, siku ya kuweka jiwe juu ya uwanja wa kuuzia binadamu.

Wajerumani walipouhamishia Dar es Salaam mji mkuu wa koloni lao mwaka 1891, walikuja na jina lao la sikukuu na mti wao. Mji waliukuta mchanga: Sultani Majid alikuwa ameanza kuujenga katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima. Wao wakauongezea majengo ya serikali na makanisa mawili yanayoonekana bandarini mpaka leo, la Kilutheri la Azania Front na la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu. Katika lugha walituachia shule na hela, maneno mawili ambayo hayajawahi kuachana. Jina lao la Krismasi likapotea kama lilivyopotea lile la Wareno. Mti wao ukabaki.

Na hapa ndipo ninapoomba tutulie, maana hapa ndipo uswahili ulipofanya kazi yake.

Mti wa Ulaya ni msonobari wa nchi ya baridi. Dar es Salaam hauoti. Watu wa pwani walitazama huku na huku wakauona mvinje, ule mti mwembamba wa ufukweni wenye majani kama nywele, unaovuma upepo ukipita. Tawi la mvinje likakatwa, likasimikwa ndani ya debe la mchanga, debe likafungwa kanga au karatasi, kazi ikaisha. Katika nyumba za Magomeni, Ilala na Kinondoni za utoto wangu sikuwahi kuona mti mwingine. Nilipokwenda chuo cha ualimu bara, nikakuta wenzangu wanatumia miti ya nyanda zao za baridi, niliiona mizito na mikaidi, haina mlio.

Lakini mti ulikuwa sehemu ndogo tu ya mapambo. Mlango wa kanisa na mlango wa nyumba vilipambwa kwa makuti mabichi ya mnazi, yaliyopindwa yakafanywa tao, na katikati ya tao yakachomekwa maua. Tao hilo halikutoka Ujerumani. Ni tao la arusi ya Kiswahili. Ni tao la kumpokea mgeni mheshimiwa. Ni tao la Maulidi. Pwani ilikuwa na desturi ya zamani ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Mtume Muhammad kwa kusoma, kuimba, kufukiza udi na kurashia watu marashi. Kwa hiyo mtu wa pwani alipoambiwa kwamba hawa wenzetu nao wana siku ya mazazi, hakuhitaji maelezo marefu. Alijua kinachotakiwa: usafi, harufu nzuri, sauti nzuri, nguo mpya, chakula cha kumtosha na asiyealikwa. Hata vazi lilikuwa moja. Kanzu ya shehe na kanzu ya mtoto anayemtumikia padri altareni zina jina lile lile, na fundi aliyezishona mara nyingi alikuwa yule yule.

Ndipo tulitazame lile tendo lenyewe, kupamba. Ni neno la Kibantu, la asili kabisa, na katika Kiswahili cha pwani linatumika kwa bibi arusi, kwa chumba, kwa chombo cha baharini, na hata kwa maiti anayeandaliwa kwenda kaburini. Halihusiani na anasa. Anayepamba anakitayarisha kitu kwa ajili ya kuvuka kwenda hali nyingine. Sasa sikiliza ajabu ya lugha: pamba, ile ya shambani, ni neno jingine kabisa, lililotujia kutoka Uajemi, na kufanana kwao ni sadfa. Sadfa hiyo ikaja kukamilishwa na watoto wa Dar es Salaam, ambao katika kuupamba mvinje walitumia pamba, wakaichambua vipande vyepesi na kuvitupia juu ya matawi. Ilikuwa theluji.

Wako wanaoicheka theluji hiyo ya pamba. Mimi siicheki, kwa sababu theluji ina historia yake katika nchi hii. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na kofia yake nyeupe. Alipomuuliza kiongozi wake kile kitu cheupe ni nini, huyo alijibu kwa neno moja tu, baridi. Wataalamu wa jiografia waliokuwa Ulaya walimkebehi Rebmann kwa miaka, wakisema theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Yule kiongozi asiyekuwa na jina la kitu alisema kweli kuliko waliokuwa nalo. Kiswahili nacho kilikuwa na hadithi yake: neno barafu lilitoka kwa Waajemi, na kwao lina maana ya theluji. Lilipofika pwani, mahali ambapo hakuna kinachodondoka kutoka mbinguni isipokuwa mvua, likabaki bila kazi mpaka likapewa maji yaliyogandishwa. Ndipo theluji ikaazimwa kwa Waarabu. Kwa hiyo mtoto wa Ilala anayemwaga pamba juu ya mvinje anatumia neno la Kiajemi kufanya kazi ya neno la Kiarabu juu ya desturi ya Kijerumani, na akimaliza anakwenda kuoga maji ya mtungi kwa sababu ya joto. Ukiniuliza ni uigaji au ni ushairi, nitasema ni ushairi.

Nyakati za uhaba ndizo zilizotukomaza. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nchi ilikaukiwa na fedha za kigeni, na wakazi wa Dar es Salaam wa umri wangu hawahitaji kukumbushwa foleni za sukari, sabuni na dawa ya meno. Mapambo ya dukani hayakuwapo hata kwa kuota. Nyumbani kwetu minyororo ya karatasi ilitengenezwa kwa majarida ya picha yaliyogawiwa bure na balozi za nchi rafiki, China na Urusi, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa na karatasi laini yenye rangi. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga. Nyota ilikatwa kutoka boksi na kuvikwa ile karatasi ya fedha ya ndani ya paketi za sigara, iliyokusanywa mwaka mzima na kunyooshwa kwa ukucha. Hivyo picha za matrekta na viwanda vya nchi zisizoamini Mungu zilining'inia juu ya hori la Bethlehemu, na hakuna aliyeona kasoro. Kulikuwa pia na vibendera. Sikukuu ya Uhuru ni tarehe 9 Desemba, siku 16 kabla ya Krismasi, na vibendera vya karatasi vya shuleni havikutupwa. Vilivuka kutoka sherehe ya taifa hadi ya kanisa juu ya uzi ule ule.

Mambo yalilegea kuanzia mwaka 1984, wafanyabiashara waliporuhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na yakafunguka zaidi wakati wa Rais Mwinyi, aliyeingia madarakani mwaka 1985 na kubandikwa na watu jina la Mzee Ruksa. Miti ya plastiki ikaja, na taa za kuwakawaka. Mwanzoni taa hizo zilikuwa za wachache. Sisi wengine tulikwenda kuziangalia, na hilo ndilo linalonileta kwenye matembezi.

Kiswahili kina neno kutembea, nalo lina upana wa kustaajabisha. Kutembea ni kwenda kwa miguu. Ni kuzuru jamaa. Ni kustarehe bila shughuli. Ni kusafiri kuona nchi. Mtoto wa Dar es Salaam akisema, "Leo tunatembezwa," amezisema zote nne kwa pigo moja. Desturi ya kuwatembeza watoto siku ya sikukuu ni ya Idi. Unguja na Dar es Salaam zote zina viwanja vinavyoitwa Mnazi Mmoja, na watoto wa pande zote mbili wanajua maana ya kwenda uwanjani na nguo mpya na senti mfukoni. Senti hizo ndizo mkono wa Idi. Mtoto humwamkia mkubwa, humpa mkono, na mkono wake haurudi mtupu. Watoto wa Kikristo wa mjini waliichukua desturi hiyo nzima, ila wakaona haya kusema Idi, wakasema, "Shikamoo baba, naomba sikukuu yangu." Sikukuu ikawa kitu cha kushikika, cha shilingi moja au mbili. Hata leo utamsikia mtu mzima akimtania jirani, "Sikukuu yangu iko wapi?" naye hamaanishi tarehe.

Matembezi yenyewe yalikuwa na njia zake. Baada ya ibada na chakula, familia iliteremka mjini kwa basi la UDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1974, watoto wamevaa sare iliyokatwa kutoka jora moja, dada na kaka na mara nyingine pazia la sebuleni pia. Kituo cha kwanza kilikuwa studio ya picha, ambako mlipangwa kwa urefu mbele ya kitambaa kilichochorwa mlima au ndege. Kisha Sanamu ya Askari, iliyosimama pale tangu mwaka 1927 ikielekeza bunduki yake bandarini, na mtoto mmoja lazima aigize kuishika. Kisha Kivukoni kutazama meli, na mwenye bahati akavushwa kwa pantoni mpaka Kigamboni na kurudi, safari ya dakika chache iliyosimuliwa shuleni Januari nzima. Vijana wakubwa walikwenda sinema. Jioni ilikuwa ya ufukwe wa Oysterbay, ambao sasa kila mtu anauita Koko. Matembezi yote hayo Waislamu waliyajua, maana ndiyo waliyoyafanya Idi. Na wengi waliyafanya tena nasi siku ya Krismasi, wakishikana mikono na watoto wetu.

Nikifika hapa ndipo nasema jambo linaloniuma. Krismasi ya mtaa wetu ilisimama juu ya sahani. Pilau lilipoiva, sahani zilipakuliwa, zikafunikwa kawa, na sisi watoto tukazipeleka nyumba kwa nyumba. Ili sahani ivuke kwenda kwa jirani Mwislamu, kuku au mbuzi alichinjwa na jirani Mwislamu, asubuhi na mapema, uani kwetu. Hakulipwa, alipewa chai. Wakati wa Ramadhani sahani hizo hizo zilirudi zikiwa na futari, kwa kuwa sahani ya pwani hairudi tupu. Hakuna sheria iliyoamuru hivyo wala mhubiri aliyetuhimiza. Leo naona mitaa mipya yenye kuta ndefu na mageti ya chuma, na nasikia sauti kutoka pande zote mbili zikihoji kama inajuzu kula cha mwenzio, kama inajuzu kumtakia mwenzio heri. Wanaohoji hivyo wana elimu ya vitabu kuliko mama zetu. Lakini nawaomba wasikilize salamu yenyewe. Tunaposema "Heri ya Krismasi," heri ni neno la Kiarabu, lile lile la "kila la heri", na lilikuwamo vinywani mwa watu wa pwani muda mrefu kabla ya kanisa la kwanza kusimama Dar es Salaam. Mkristo wa pwani hana namna ya kumtakia mwenzake Krismasi njema ambayo haikupita msikitini kwanza. Ushairi wetu ni hivyo hivyo: Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkristo, alipotaka kuisimulia Injili kwa Kiswahili aliichukua bahari ya utenzi, iliyolelewa karne na karne na washairi Waislamu, akaimwagia habari zake humo, na utenzi haukukataa.

Si kila tulichopokea kimetulia. Baba Krismasi, kwa mfano, hajawahi kunishawishi. Mzee mwenye ndevu nyeupe kiasi kile, anayewachekea watoto na kuwapa vitu vitamu kinyume cha amri ya wazazi wao, kwetu ni babu. Utani ni wa babu na wajukuu, baba ana kazi ya kukaripia. Aliyelitafsiri jina lake alitazama kamusi, hakutazama nyumba. Na ile siku ya pili yake, Boksing Dei, tuliambiwa utotoni kwamba ni siku ya kufungua zawadi. Watu wa Dar es Salaam waliitazama, wakasikia neno boksi likiwa karibu na ndondi, na siku hizi mapromota wa ngumi hupanga mapambano yao makubwa tarehe 26 Desemba. Nao ni ufasiri.

Utani ulio mzuri kuliko yote, hata hivyo, ni ule wa Wachaga. Kila Desemba inapofika katikati, mabasi ya Moshi na Arusha hujaa, nauli hugombaniwa, na waliobaki mjini huulizana, "Wameshakwenda kuhesabiwa?" Msomaji wa Injili ya Luka anaitambua mara moja habari ya Kaisari Augusto aliyeamuru watu wote waandikwe, kila mmoja mjini kwao, ndipo Yusufu akaondoka Nazareti kwenda Bethlehemu. Mtaa umeisoma sura ya pili ya Luka, umeigeuza kichekesho, na kichekesho hicho kinajulikana na watu ambao hawajawahi kuifungua Biblia. Kwa mwalimu wa fasihi huo ni ushahidi wa kutosha kwamba kisa kimekuwa mali ya lugha. Tena jiji likishahesabiwa hivyo, linabaki na nafasi. Tarehe 25 jioni unaweza kutembea kutoka Mnazi Mmoja hadi Kivukoni ukawasikia kunguru.

Sasa matembezi yamehamia mahali pengine. Tangu Mlimani City ifunguliwe mwaka 2006, na nyingine za aina hiyo zikaifuata, familia huenda kutazama mti mrefu uliosimamishwa ndani, katika ubaridi wa mashine, na kupiga picha kwa simu. Nimekwenda na wajukuu, na sikwenda kwa kununa. Akina mama wenye mitandio walikuwa wamepanga watoto wao kwa urefu mbele ya mti ule, kama tulivyopangwa studio. Kilichonisikitisha ni masikio tu: mzazi mmoja alimwambia mwanawe aangalie "dekoresheni". Tuna pambo, kipambo na mapambo. Kuna urembo na nakshi. Na zile taa ndogo za kuwaka na kuzima, zisizo na jina moja la kudumu, mimi naziita vimulimuli, kwa heshima ya mdudu aliyeanza kazi hiyo kabla ya umeme.

Mikrismasi, kwa upande wake, inapungua. Barabara zinapanuliwa, viwanja vinajengwa hadi ukingoni, na mti wenye kivuli kipana kama ule ndio wa kwanza kuonekana unazuia. Shoka halisomi kalenda. Nimeona mmoja ukiangushwa Desemba, na maua yake juu.

Limebaki suala ambalo malenga wenzangu hunitumia kila mwaka: Krismasi ina mizani mingapi? Wako wanaosema tatu, kri-sma-si. Wako wanaosema nne, kri-s-ma-si. Na wako wenye masikio ya mtaani wanaosema tano, ki-ri-si-ma-si, kwa kuwa ndivyo nyanya zetu walivyotamka. Mtunzi wa Sheria za Kutunga Mashairi, Sheikh Kaluta Amri Abedi, alikuwa pia Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa mwaka 1960, na kila nikiwaza suala hili hutamani tungekuwa naye tumuulize kwa vyeo vyote viwili. Mimi nashika nne. Kiswahili kiliizoea zamani silabi hiyo fupi ya s katika askari, desturi na bustani, na sioni kwa nini Krismasi inyimwe haki ambayo askari amepewa. Anayetaka tatu safi anayo Noeli. Anayetaka nne bila ubishi anayo sikukuu. Ila atakayeiweka Krismasi mwishoni mwa mshororo atapata faida ya vina: nafasi, wasiwasi, nanasi, na kwa mwenye kutaka kina cha silabi mbili, almasi. Mkrismasi, mti wetu, nauhesabu mitano, kwa kuwa ile M ya mwanzo ina pumzi yake.